Meza ya Sikukuu kwa Watoto Wanane: Chini ya Bahari

Mtoto wa miaka 2 hadi 6 yuko kwenye umri ambao hukataa chakula kigeni kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake. Siku ya sikukuu watu wazima husahau hilo. Hupika vitu vipya, huvitia rangi ambazo mtoto hajawahi kuziona kwenye sahani, humwekea mbele yake akiwa tayari amepandwa na furaha ya wageni na zawadi, kisha hushangaa sahani ikirudi jikoni kama ilivyotoka. Meza ya mada hufanikiwa kwa njia ya kinyume: chakula kinabaki kilekile anachokijua, kinachobadilika ni umbo na jina.

Hapa tunachukua mada moja, chini ya bahari, na hesabu moja, watoto 8 wa miaka 4 hadi 8. Anayetaka msitu, shamba au anga za juu atabadili maumbo tu. Vipimo, saa na tahadhari hazibadiliki.

Kuchagua mada

Kipimo ni rahisi. Mada inafaa ikiwa ina maumbo manne au matano ambayo mtoto mwenyewe anaweza kuyachora. Bahari ina samaki, kasa, pweza, mashua na kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota. Yote hayo yanakatika kwa kisu cha kawaida. Mada kama "dhahabu na fedha" hupendeza watu wazima, lakini haimpi mtoto kitu cha kukitaja jina, na meza isiyo na majina ni mapambo matupu. Wahusika wa katuni nao wana taabu yao: lazima ununue vitu vilivyochapwa sura zao, na watoto ni wakaguzi wakali. Ukikosea rangi ya koti la mhusika, utaambiwa mbele ya wageni wote.

Wiki moja kabla, waulize wazazi jambo moja tu: kuna chakula kinachomdhuru mtoto? Wataje kwa majina, maana ukiuliza kwa jumla utajibiwa "hana neno": maziwa, mayai, karanga, korosho na jamii yake, ngano, soya, samaki, kamba, ufuta. Ikiwa mmoja hawezi mayai, usimpikie yeye peke yake sahani ya pembeni. Ondoa mayai kwenye meza nzima. Watoto hubadilishana vyakula, tena kwa siri.

Meza yenyewe

Anza na kimo. Kati ya kiti na uso wa meza panatakiwa nafasi ya sentimita 20 hadi 25. Mtoto anayekula huku mikono ameiinua usawa wa mabega atamwaga, si kwa utundu bali kwa sababu haoni kilicho kwenye kikombe. Kama meza ya chini haipo, tandika mkeka na uweke mbao pana au meza ndogo ya sebuleni. Kila mtoto apewe sentimita 50 za upana. Ukiwabana kwenye 40, viwiko vitagongana na ugomvi utaanza kabla ya chakula.

Kitambaa usiweke. Tandika karatasi ya kaki tabaka mbili, kila tabaka ukilibana kwa selotepu peke yake upande wa chini wa meza. Kinywaji kikimwagika, unakata na kuondoa tabaka la juu, na meza inakuwa mpya. Karatasi isining'inie zaidi ya sentimita 10 ukingoni, kwa sababu mtoto mdogo anayetaka kusimama hushika chochote kinachoning'inia, na vilivyo juu yake hushuka pamoja naye.

Bahari ichorwe juu ya karatasi hiyo. Paka ukanda wa bluu wa rangi ya maji katikati, sentimita 30 kwa upana, siku moja kabla ili ukauke. Pembeni acha kaki ibaki kaki: huo ndio mchanga. Mbele ya kila mtoto chora duara la ukubwa wa sahani, andika jina lake juu yake na uweke kalamu za nta tatu. Kalamu hizo ndizo zitakazokuokoa dakika kumi ambazo chakula kimechelewa. Kwa wasiojua kusoma, chora mnyama mmoja karibu na jina, mnyama tofauti kwa kila mtoto.

Mwani ukate kutoka karatasi ya kijani, vipande virefu vya kuning'inia juu ya meza kwa uzi, si vya kusimama mezani. Pambo la katikati lisizidi sentimita 15 kwa urefu. Likizidi, watoto hawaonani, na watoto wasioonana hupiga kelele.

Sasa yale ya kuacha. Mchanga halisi utaingia kwenye chakula, hakuna ujanja wa kuuzuia. Magamba madogo ya konokono wa baharini na vishanga huishia mdomoni mwa mdogo kuliko wote. Unga unaometameta wa kupambia kadi si chakula hata kama pakiti yake imeandikwa kuwa hauna sumu. Maputo yakipasuka, vipande vyake ni hatari ya kukaba koo, kwa hiyo yatundikwe juu, mbali na mikono. Na vile vitaa vidogo vya mfano wa mshumaa: vingi vina betri bapa mithili ya kitufe, na betri hiyo ikimezwa huweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili. Tumia tu vyenye kifuniko cha betri kilichofungwa kwa skrubu, au usitumie kabisa.

Chakula na vipimo vyake

Vyakula vinne vya chumvi, kitamu kimoja na tunda moja vinatosha. Aina kumi humchosha mpishi na kumchanganya mtoto. Kanuni nyingine ambayo tunaishika sana: bluu iwe kwenye meza, isiwe kwenye wali. Watoto wengi hawagusi chakula cha chumvi kilichotiwa bluu, na hata ungekipika vizuri namna gani hutawashawishi.

*Kasa wa wali.* Vikombe 2 vya mchele, kama gramu 400, hutoa karibu vikombe 6 vya wali. Kila kasa anahitaji nusu kikombe, hivyo utapata wanane na ziada ya wanaovunjika na ya wanaoomba tena. Tia nusu kijiko cha chai cha manjano kwenye maji ya kupikia. Ukizidisha, uchungu unasikika. Tatizo la kasa ni kupasuka. Wali mzuri wa kuliwa kila siku, ule wenye punje zinazoachana, haushikani. Ongeza robo kikombe cha maji kwa kila kikombe cha mchele juu ya kipimo chako cha kawaida, ili ulainike kidogo. Lowesha kibakuli kidogo kwa maji, jaza wali ukiwa wa moto bado, ushindilie kwa mgongo wa kijiko, hesabu hadi kumi, kisha upindue kwenye sahani. Ukiusubiri upoe kabisa, punje hukakamaa na mgongo wa kasa hufunguka nyufa. Miguu minne ni nusu duara za tango, kichwa ni kipande cha karoti iliyochemshwa, na gamba lipambwe kwa njegere.

Wali upikwe siku hiyohiyo. Uliolala nje ya friji huzaa vijidudu ambavyo sumu yao haiondoki hata ukipashwa moto upya.

Macho usimwekee. Wapo watoto, hasa wa miaka minne na mitano, ambao wakiona kasa anawatazama watakataa kumla, na wengine watalia kwa kumwonea huruma. Weka kibakuli cha njegere mezani na uwaache waweke macho wenyewe wakitaka. Anayeweka jicho kwa mkono wake kwa kawaida halihurumii.

*Samaki wa mkate.* Mkate mmoja wa vipande 20 hutoa samaki 10: wanane na wawili wa akiba. Mkate wa jana hukatika vizuri kuliko wa leo, ambao hubonyea na kupoteza umbo. Paka siagi nyembamba pande zote mbili za ndani, kwa sababu mafuta ndiyo yanayozuia unyevu kupenya, kisha weka kitu kinachonata: jibini laini, au kuku aliyechemshwa akachambuliwa na kupondwa na maziwa mgando kidogo. Nyanya na matango hayafai humo, yanalowesha mkate ndani ya nusu saa. Weka bilauri yenye mdomo wa sentimita 7 juu ya mkate uliokwisha kujazwa na uzungushie kisu chenye ncha kali. Ukikandamiza kwa ukingo wa bilauri peke yake, kingo zitabanana na kilichojazwa ndani kitatoka. Kwenye duara lako kata pembetatu ndogo upande mmoja: huo ni mdomo. Pembetatu hiyohiyo ihamishie upande wa pili, ncha yake ikigusa mwili: huo ni mkia. Hakuna kilichopotea. Wafunike kwa kitambaa chenye unyevunyevu, maana mkate ulio wazi hukauka juu kwa dakika 20 tu.

*Pweza wa soseji.* Soseji 6 hutoa pweza 12. Kata kila moja katikati, kisha upande uliokatwa uchane kwa urefu hadi theluthi mbili, mara mbili kwa msalaba, upate miguu minne. Kwa mkono mwepesi unaweza kupata minane, lakini miguu myembamba hukatika na hakuna mtoto atakayehesabu. (Kwa kweli yupo mmoja. Mwambie miguu mingine imejificha nyuma ya jiwe.) Watie kwenye maji yanayochemka polepole kwa dakika 3 hadi 4, na miguu itajikunja yenyewe kuelekea nje. Maji yakitokota kwa fujo, miguu hung'oka.

Soseji ina hatari ambayo wengi hawaifikirii. Kipande cha mviringo chenye upana wa koo la mtoto ndicho kinachoziba barabara, na kichwa cha pweza ni kipande cha namna hiyo. Kwa walio chini ya miaka 5, kabla ya kuwapa, pasua kichwa nacho kwa urefu mara mbili ili zitoke nyuzi ndefu badala ya vifungo. Zabibu mbichi nazo hukatwa kwa urefu vipande vinne. Bisi, karanga nzima na pipi ngumu zisifike kabisa kwenye meza yenye wadogo, na karoti mbichi iparwe au ichemshwe.

*Mashua za mayai.* Mayai 5, nusu 10. Yatie kwenye maji yanayochemka, dakika 11, kisha uyahamishe kwenye maji baridi sana. Mayai yaliyotagwa juzi humenyeka kwa shida, kwa hiyo nunua wiki moja mapema. Ukipitisha muda, kiini huzungukwa na utepe wa kijani kibichi unaotokana na madini ya chuma ya kiini kukutana na salfa ya ute. Hauna madhara, ila mtoto hatakubali maelezo yako. Kata kipande chembamba chini ya kila nusu ili isibingirie. Tanga ni pembetatu ya pilipili hoho iliyochomekwa kwenye ufa mdogo ndani ya kiini. Watu hupenda kutumia vijiti vya meno hapa. Kwenye meza ya watoto havina nafasi.

*Jeli ya bahari* ndicho kitamu chetu, na ndicho kinachoharibika zaidi, kwa hiyo tutakaa nacho kidogo. Vikombe 8 vya mililita 100 vinahitaji mililita 800 za juisi angavu ya tofaa, ya kuonekana ndani yake. Unaweza kugandisha kwa gelatini au kwa agaa.

Gelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi ng'ombe au nguruwe, hivyo soma pakiti ukiwa na wageni Waislamu au wasiokula nyama. Gramu 12 zinatosha. Iloweke kwenye maji baridi dakika 5, kisha uiyeyushe kwenye juisi ya moto isiyochemka, kwa sababu kuitokosa hupunguza nguvu yake. Inataka saa 4 kwenye friji, na siku ya joto kali itaanza kuyeyuka mezani. Ukiweka nanasi bichi au papai bichi ndani yake haitaganda kamwe, hata ukiiacha hadi kesho: matunda hayo yana vimeng'enya vinavyovunja protini, na gelatini ni protini. Nanasi la kopo halina shida, kwa kuwa limepikwa.

Agaa hutengenezwa kwa mwani, jambo ambalo watoto hufurahia kuambiwa kwenye meza ya mada hii. Kijiko kimoja na nusu cha chai cha unga wake kinatosha juisi hiyo, lakini lazima kichemke pamoja na juisi kwa dakika 2 kamili huku ukikoroga, la sivyo jeli itakuwa na chembechembe na haitashika. Nguvu ya unga hutofautiana, kwa hiyo jaribu: dondoshea kijiko cha chai cha mchanganyiko kwenye kisahani kilichotoka kwenye friji. Kikiganda ndani ya dakika mbili, umefika. Agaa haijali papai wala nanasi, huganda hata nje ya friji na haiyeyuki kwa joto la chumbani. Kwa mchana wenye joto, chagua hii.

Ili samaki wa matunda waelee badala ya kuzama, mimina nusu ya kikombe, subiri juu papate kutetemeka bila kumwagika (dakika kama 10 kwa agaa, saa nzima na zaidi kwa gelatini ndani ya friji), panga vipande vya tunda, kisha jaza sehemu iliyobaki ikiwa vuguvugu. Tabaka la chini likiganda kabisa kabla hujaongeza, matabaka hayataungana na jeli itateleza vipande viwili kwenye kijiko.

Tunda la mezani liwe tikiti maji. Likate mabamba ya unene wa sentimita moja na nusu, uyakate nyota kwa kikatio cha biskuti na utoe mbegu. Masalio hupondwa na kuchujwa, yakawa kinywaji. Ukitaka tofaa au ndizi, vichovye kwanza kwenye kikombe cha maji chenye kijiko kimoja cha chakula cha maji ya limau, visigeuke rangi.

Kinywaji: lita 2 na nusu kwa wote, juisi nusu na maji nusu. Vikombe viwe vizito, vyenye kitako kipana, na vijazwe nusu. Barafu usitie.

Saa kwa saa

Tuseme mnakula saa 7 mchana. Siku mbili kabla, kata karatasi zote. Siku moja kabla, paka bahari, tengeneza jeli, chemsha mayai na uyaweke kwenye friji bila kuyamenya, chemsha kuku. Asubuhi saa 4 chemsha karoti na njegere na ukate tikiti. Saa 5 menya mayai, jaza mkate na ukate samaki, funika. Saa 6 kasoro robo mchele uwe jikoni. Saa 6 na nusu pindua kasa. Saa 7 kasoro dakika kumi tia pweza majini. Tanga za mashua ni za mwisho kabisa, kwa sababu huanguka zikibebwa. Ukijikuta umechelewa, acha mayai. Hakuna atakayejua kwamba palikuwa na mashua.

Watoto wakishafika

Usiwaite mezani hadi chakula kiwe tayari. Mtoto wa miaka mitano atakaa kwa utulivu dakika 15 hadi 20, na ukizitumia kumi kusubiri zimebaki kumi za kula.

Kama kuna kuchelewa kusikoepukika, kuna mchezo mmoja unaofaa mada. Mapema, loweka vikombe 2 vya kabichi ya zambarau iliyokatwakatwa kwenye vikombe 3 vya maji ya moto kwa dakika 15, chuja, acha yapoe. Tia chembe ya magadi ya kuokea na maji yatakuwa bluu ya bahari. Ukizidisha yatakuwa kijani. Mbele ya watoto mwachie kila mmoja adondoshe maji ya limau, na bahari itafanya povu kidogo na kugeuka waridi. Weka jagi hilo katikati na useme wazi kuwa si la kunywa, kwani harufu ni ya kabichi lakini rangi inavutia.

Wa miaka 4 na 5 wapakulie: kasa mmoja, samaki mmoja, pweza mmoja, mashua moja. Wakubwa waache wajichukulie kwenye trei. Kila sahani iwe sawa na nyingine. Usitengeneze nyangumi mmoja mkubwa wa pekee hata kama wazo linakuwasha, maana watoto saba watamtaka yeye. Usimsihi mtoto aonje. Akiachwa, mara nyingi huonja baada ya jirani yake kuonja.

Jeli itoke mwisho, vyakula vya chumvi vikishaondolewa mezani. Sababu si ile inayosemwa sana kwamba sukari huwafanya watoto warukeruke: tafiti zilizofanywa kwa makini miaka ya 1990 hazikuona hivyo, na vurugu ya sikukuu hutokana zaidi na umati wenyewe. Sababu ni kwamba mtoto aliyeiona jeli hali kingine.

Mayai, kuku, soseji na wali visikae mezani zaidi ya saa 2, na joto likipita nyuzi 32, saa 1. Baada ya hapo vitupwe, visirudishwe kwenye friji. Kata tabaka la juu la karatasi pale selotepu ilipo, wape watoto vipande vyenye michoro yao kama viko safi, na kilichobaki ukikunje kutoka pembe nne kuelekea katikati pamoja na makombo yake.